Sikio la Ndege

Banja, uani kwa Balambaras Wubneh
Tarehe 19 Hidar

Dada yangu Yeshimebet,

Pokea salamu za mdogo wako mvivu wa kuandika, ambaye tangu Pasaka hajakuletea hata mstari mmoja, na ambaye anajua tayari umeshamsema kwa majirani. U mzima? Kile kifua cha baridi kimekuachia, au bado unakifukuza kwa tangawizi na maneno makali? Watoto je? Na shemeji yangu Mellese, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii hapo sebuleni kwa ile sauti yake ya shemasi, huku nusu ya watu wa kwetu walioko Gondar wamekaa kumsikiliza, naye namsalimu sana. Mwambie asiruke mistari. Barua yangu iliyopita aliruka pale nilipomtania juu ya kitambi chake, nikajua, maana hukunijibu kwa kucheka. Safari hii asiruke hata neno. Nakuomba hilo kwa dhati, na mbele utaona kwa nini.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Enanu mzima, mvua zimekwisha vizuri, shayiri imekomaa hadi inainama. Ila hakuna wa kuivuna, dada, kwa sababu wanaume wote wa Banja wenye farasi tumefungiwa.

Leo ni siku ya nne. Tumo ndani ya ule ua wa mawe ambamo mkuu wetu Balambaras huwafungia ng'ombe wake, watu sitini na wawili, na harufu inakukumbusha kila saa kwamba wenyeji wa hapa ni wengine. Hakuna kutoka ila kwa haja, na hata haja unaiendea na mlinzi nyuma yako, jambo ambalo kwa mtu wa umri wangu linaifukuza haja yenyewe. Wake zetu wanatuletea injera langoni. Enanu kaniambia juzi kwamba ndoa imeanza kumpendeza tangu nifungiwe, kwamba analala katikati ya kitanda na hakuna anayemuuliza chumvi iko wapi. Walinzi walicheka hadi wakasahau kumfukuza.

Nikueleze tulivyofika hapa. Majuma mawili yaliyopita tulimzika bibi Tiruye, yule aliyekuwa akitupiga fimbo tukimchumia matunda yake. Wapanda farasi walikuja kumlilia kama desturi, farasi wamevikwa nyuzi nyekundu na njuga. Balambaras akatangulia juu ya Mebrek, farasi wake, unamkumbuka, yule mweusi mwenye alama nyeupe kama ulimi kipajini. Walipokwenda shoti mzunguko wa pili, Mebrek akaanza kuvuma. Sina neno lingine. Pumzi ilimtoka kwa sauti ya msumeno katika mti mbichi, watu wakaacha kulia wakageuka kutazama. Kisha miguu ya nyuma ikamwishia nguvu, akakaa kama mbwa, akaanguka, na Balambaras chini yake. Balambaras alitoka na bega lililoteguka. Mebrek hakuinuka tena. Kesho yake alikufa, bado anavuma. Na kabla ya juma kwisha ikaonekana kwamba farasi wengine tisa, wakipandishwa kilima kidogo tu, wanavuma vilevile, na nyuma wanayumba kama walevi.

Hapo ndipo watu walipomtaja Tadege.

Wewe uliondoka kabla Tadege hajahamia. Ni mhunzi, anakaa kule bondeni na mkewe mfinyanzi, na unajua watu wetu wanavyosema juu ya macho ya wahunzi, kwamba yakikitazama kiumbe hukidhoofisha. Siku za kawaida wanayasahau. Anawafulia majembe, wanamwita bwana Tadege. Mkewe anawafinyangia vikaango, wanamsifu mikono. Na dada, hakuna injera hata moja inayoliwa ndani ya ua huu ambayo haikupikwa juu ya kikaango cha mke wa Tadege. Lakini kabla ya msimu wa mvua alitengeneza lijamu mpya za farasi wengi, akawashika taya mmoja mmoja, akawatazama vinywani. Kwa hiyo ikawa: aliwatazama. Basi. Neno hilo moja lilitosha. Vijana walitaka kuiezua nyumba yake siku ileile, na kumfukuza na mkewe hadi nyanda za chini kwenye homa. Balambaras ndiye aliyewazuia, bega limefungwa kitambaa, akasema hapana, tutakwenda kwa mila. Watu wafungiwe uani, Tadege pamoja nao, na ndege aseme.

Shemeji ni mtu wa Gondar, labda haya hayajui, basi nimwandikie. Watu wakifungiwa hivi, huchaguliwa mtu mmoja kuwa sikio. Kila aliye uani humwendea pembeni, akamnong'oneza anachokijua. Sikio halimtaji aliyenong'ona. Siku ya mwisho linasimama mbele ya wote na kusema: ndege kaniambia, mwenye kosa ni fulani. Hakuna anayeuliza ndege gani. Na hakuna anayetoka mpaka ndege aseme.

Sasa nadhani kwa utani wako utauliza ni mpumbavu gani aliyekubali kazi hiyo. Ni mimi.

Balambaras alisimama akasema anataka mtu asiye na adui, anayependwa na kila nyumba, na aliyesoma kidogo. Wakaniangalia wote pamoja. Nilijaribu kukataa, nikasema mimi shule ya kanisa nilifukuzwa kabla ya kumaliza zaburi, na kwamba usingizi wangu ni mzito. Wakasema, ‘Chekol, acha maringo! Wewe unatulishia farasi, tusikuamini kwa maneno?' Wakanipa karatasi na wino ili niandike nisije nikasahau. Ndiyo karatasi hii anayoisoma shemeji.

Basi nimekaa siku tatu chini ya ukuta wa mashariki, na watu wananijia. Ungekuwapo ungecheka hadi kile kifua kikurudie. Mmoja alininong'oneza habari ya mpaka wa shamba lake tangu enzi ya babu yake, akamaliza bila kumtaja farasi hata kwa bahati mbaya. Mwingine aliniuliza kama ndege anaweza kusema kitu kidogo pia juu ya mama mkwe wake. Mzee mmoja alikuja, akakaa, akalala, akaamka, akanishukuru, akaenda. Lakini wengine wote, dada, wengine wote walileta jina moja. Nimelichorea alama hapa pembeni, nikaacha kuchora zilipofika arobaini.

Bitew ndiye aliyesema kwa uwazi kuliko wote. Unamjua Bitew, bahili hata wa kikohozi. Aliniinamia akaniambia, ‘Sikiliza, Chekol. Ni mhunzi. Na hata kama si yeye, ndiye atakayetutoa humu. Shayiri yangu inapukutika chini, ndege wa kweli wanaila.' Nikamuuliza farasi wake anaendeleaje. Akasema mzima kama jiwe, kwa sababu amemvalisha hirizi ya kanisani. Nikamuuliza lijamu yake ilitengenezwa na nani. Akasema na Tadege, nani mwingine anaweza? Kisha akaenda zake, wala hakuona alichokisema.

Mimi nilikiona. Farasi wa Bitew ameshikwa taya na mikono ileile, ametazamwa na macho yaleyale. Tofauti yake na wale kumi ni moja tu: Bitew, kwa ubahili wake, hakutaka kuchangia shimo letu la nafaka, na farasi wake hajala chakula changu hata kiganja kimoja.

Hapa, dada, ndipo nilipokuwa nikijizungusha tangu mwanzo wa barua, kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Uvumilie nikutagie.

Unalijua shimo. Wewe na mimi tulilipaka tukiwa watoto, matope na samadi na mabua ya tefu, baba kasimama juu anatuambia tumeacha ufa. Tangu afe mimi ndiye mlinzi wake na mchanganyaji wa wapanda farasi wote wa Banja. Kila nyumba inaleta shayiri na maharage baada ya mavuno, mimi nahifadhi, na kila juma nachanganya kama baba: vipimo vitatu vya shayiri iliyokaangwa kidogo hadi inukie, kimoja cha maharage yaliyopondwa, chumvi, na makapi ya tefu yaliyonyunyiziwa maji. Nimejisifu sana kwa kazi hii. Hata Balambaras akinipita husema, ‘Huyu ndiye mama wa farasi zetu,' nami hujifanya sijasikia ili alirudie.

Kabla ya mvua kubwa, mlinzi wa shimo huchimba mfereji kulizunguka, na kulipaka upya udongo mdomoni. Kazi ya siku moja. Mwaka huu nilikuwa na harusi ya mpwa wa Enanu, na baada ya harusi nilikuwa na kichwa cha harusi, na baada ya hapo mvua zikaanza. Nikajiambia jiwe la mdomoni ni zito, litatosha. Katikati ya mvua nililifungua. Niliteremsha mabua yenye moto kama baba alivyotufundisha, kuona kama hewa ya chini ni ya kupumua, yakazimika kabla hayajafika nusu. Na harufu ikapanda, ya pombe iliyosahauliwa. Niliacha lipumue siku mbili ndipo nikashuka. Shayiri iliyokuwa juu iliokoka. Maharage, ambayo niliyaweka chini, yalikuwa ukungu mtupu, yameshikana kama samadi. Maharage ya nyumba thelathini na nne.

Ningeweza kusema siku ile. Wangenitania mwaka mzima, wangempa kazi mwingine, na watoto wangetunga wimbo. Ndiyo adhabu niliyoiogopa, dada. Wimbo wa watoto. Niliyatoa maharage kidogo kidogo alfajiri, nikayafukia bondeni, na nikashuka sokoni Dangila na kondoo wangu wawili, nikawabadilisha kwa magunia ya guaya.

Shemeji, endelea kusoma.

Ndiyo, guaya, ile kunde ya watu wa matope kando ya ziwa, inayoota hata pasipoota kitu, na inayowaacha wale wanaoila mwaka wa njaa wakitembea kwa fimbo mbili. Sikuwa mjinga wa hilo. Lakini sote tulifundishwa nini utotoni? Kwamba ubaya wa guaya uko katika mvuke wake. Kwamba ukiipika usiinamie chungu. Nami nikajiona mwerevu: sitaipika, sitaikaanga, nitaiponda mbichi, kavu, mvuke utoke wapi? Nilijifunga hata kitambaa puani, nikasimama upande unakotoka upepo, nikaponda magunia matano nikijipongeza. Iliyopondwa haina umbo, na makapi ya tefu yanaficha rangi. Farasi waliila kwa furaha wakaomba zaidi. Miezi miwili na nusu waliila.

Ningependa kuishia hapo, niwe mpumbavu tu, maana upumbavu wangu mmeshauzoea. Lakini kuna lingine, na ndilo linalonikaba.

Majuma matatu kabla ya mazishi ya bibi Tiruye, nilikuwa namteremsha farasi wangu jike mtoni, yule wa kijivu, akakunja miguu ya nyuma ghafla kama kikongwe anayetafuta kigoda. Nilijua saa ileile. Jioni nikamwondolea guaya, nikampa shayiri tupu, na sasa anatembea vizuri. Wa kwangu. Wa wenzangu niliendelea kuwapimia kama kawaida, kila Jumamosi, vipimo vitatu na kimoja, na chumvi, huku wakinishukuru. Ningeacha, wangeniuliza maharage yako wapi. Nilimuona Balambaras anamtandika Mebrek asubuhi ya mazishi. Nilimshikia hatamu, dada. Nikamwambia farasi amenawiri.

Hilo hakuna ndege aliyeninong'oneza. Ila mmoja alikaribia.

Jana mchana Tadege alikuja chini ya ukuta. Alikuwa wa mwisho, maana siku zote tatu amekaa peke yake kona ya mbali, na watu wanazungusha shuka zao zisimguse. Nilidhani atalia, au atanilaani. Alikaa akanyoosha miguu, akaniambia mahali hapa pana ubaridi mzuri, na kwamba sikio la ndege linakaa vizuri kuliko ndege wenyewe. Nikacheka, ndiyo mara yangu ya kwanza kucheka kwa kweli humu. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba watu walimrudishia lijamu nne azinyooshe kipindi kile cha mvua, na kwamba lijamu ikitoka kinywani mwa farasi huja na mabaki ya chakula yaliyokwama kwenye pete. Akasema mponda chakula, hata awe hodari, kuna punje humponyoka. Punje ya maharage ina umbo la figo. Aliyoikuta yeye ilikuwa na umbo la kichwa cha shoka. Akasema, ‘Mimi nafua mashoka, bwana Chekol. Siwezi kulikosea shoka.'

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniangalia kwa macho hayo yanayoogopwa. Akasema, ‘Nimwambie nani? Mhunzi amshitaki mama wa farasi? Wangenichoma kwa ajili ya neno hilo peke yake. Na tena wewe ndiye mtu pekee wa huku juu uliyekula nyumbani kwangu.' Ni kweli, nilikula mara moja, mvua ilinikamata. Nilisahau. Yeye hakusahau. Kisha akasimama, akakung'uta nguo, akasema amekwisha kunong'ona, na kwamba mkewe ana vikaango kumi na viwili havijachomwa, angependa kujua mapema kama avichome au aviache.

Jana hiyohiyo jioni Enanu alileta chakula langoni, akanieleza kwa fahari kwamba nisiwe na wasiwasi, kwamba yeye anachanganya chakula kama mimi, kutoka magunia yaleyale, na anazungukia kila nyumba kuwapa wake wa wenzangu ndoo, wasije farasi wakafa njaa huku wanaume wamefungiwa. Dada, nilifungua mdomo. Walinzi walikuwa karibu, Bitew alikuwa karibu. Nikamwomba chumvi.

Sasa umemjua mdogo wako. Ua huu una mlango mmoja na walinzi wawili, lakini mimi nilikwishafungiwa tangu siku ile ya shimo, na kuta nimezijenga mwenyewe, kidogo kidogo, kila Jumamosi.

Leo kukipambazuka vizuri Balambaras atatuita tukae duara, nami nitasimama. Kwa kuwa najijua, na unanijua, tangu nilipokusingizia wewe lile yai la baba, sijiamini kwamba ulimi wangu hautaponyoka dakika ya mwisho na kuleta lile jina lingine, lile rahisi, ambalo sitini wanalingojea. Ndiyo maana nakuandikia kabla. Enanu atakuja langoni sasa hivi na chai, na msafara wa nyumbu wa chumvi unapita kijijini asubuhi hii kwenda Gondar. Nitampa barua, na nitamwambia kwa sauti, walinzi wasikie, Bitew asikie, akimbie nyumba kwa nyumba amwage kila ndoo. Na shemeji atakusomea haya yote mbele ya watu wa kwetu. Hapo hata nikitaka kudanganya, uongo hautakuwa na pa kukaa.

Sijui watanifanya nini. Kuna wimbo, bila shaka, na kuna zaidi ya wimbo. Shamba la juu huenda likaenda kwa Balambaras kwa ajili ya Mebrek, nami sitabisha. Nakuomba mambo mawili. Ikiwa itatubidi kuhama, umpokee Enanu, hata kama mimi utaniacha barazani; yeye hakujua kitu. Na umwulize yule mganga wa mifugo wa huko Gondar kama farasi waliokwisha kula wanaweza kusaidiwa, au inatosha wasipandishwe kilima wala kukimbizwa. Wangu wa kijivu nitampa Tadege, kama atamtaka. Mtu anayewatengenezea wenzake lijamu maisha yake yote na yeye hana farasi. Hilo nalo sikuwahi kuliona ajabu mpaka jana.

Naona vumbi la nyumbu kule mteremkoni, na Enanu anakuja, birika kichwani, anamkemea mlinzi hata kabla hajafika. Wabusu watoto mashavuni mara tatu kila mmoja. Msalimu shemeji, na umwambie kitambi kimempendeza. Kitunze kifua kiwe na joto. Uniombee, dada, si nisamehewe, bali nisimame.

Mimi mdogo wako,

Chekol,
sikio la ndege, kwa saa moja iliyobaki